Mtungi Uliokwisha Gesi Si Mtupu

Katika mji wa Garissa, kando ya mto Tana, mtu apitaye penye karakana za mafundi wa chuma husikia tangu asubuhi mlio wa nyundo na wa mashine za kukatia. Hapo hutengenezwa milango ya maduka, vitanda, meko, mikokoteni ya punda na mahori ya kunyweshea mbuzi. Chuma kipya hutoka mbali. Kutoka Nairobi hadi Garissa ni safari ya kilomita zipatazo 370 kwa barabara ipitayo Thika na Mwingi, na gharama ya safari hiyo huongezwa katika bei ya kila bamba. Huko Wajir na Mandera, ambako ni mbali zaidi, bei hupanda tena. Kwa sababu hiyo si ajabu kwamba fundi wa Kaskazini Mashariki hatupi chuma kikuukuu. Springi ya lori huwa panga, rimu ya gari hutundikwa mtini ikawa kengele ya shule, na pipa la mafuta hunyoshwa likawa mlango.

Ufundi huu si mgeni katika nchi hiyo. Miongoni mwa Wasomali kazi ya kufua chuma kwa miaka mingi ilikuwa mikononi mwa watu waitwao Tumal, ambao walifanya visu, mashoka na vichwa vya mikuki. Jamii ilihitaji sana kazi yao huku ikiwadharau wenyewe, jambo ambalo halikuwa haki. Mhunzi wa zamani, hata hivyo, alikuwa na faraja moja: chuma alichokitia katika moto wake kilikuwa chuma tu, wala hakikuficha kitu ndani.

Sasa limeongezeka jambo ambalo wahunzi hao hawakulijua. Kuni zimekuwa haba karibu na miji, na pia kando ya kambi za wakimbizi za Dadaab, zilizofunguliwa tangu mwaka 1991, ambako watu hulazimika kwenda mbali kutafuta ukuni. Katika miji, jamaa nyingi hupika kwa gesi iliyotiwa katika mitungi ya kilo 6 na ya kilo 13, na mahoteli hutumia mitungi mikubwa ya kilo 50. Mitungi hiyo huzeeka. Mingine hushika kutu kitakoni, mingine huharibika vali, na mwishowe huonekana imelala nyuma ya nyumba au katika rundo la vyuma vikuukuu.

Umbo la mtungi humvutia fundi. Chuma chake ni kizuri, na ule mviringo ambao ungemgharimu kazi ya siku nzima umekwisha kufanywa kiwandani. Mtungi mkubwa ukipasuliwa kwa urefu hutoa mahori mawili ya mbuzi. Mtungi wa kilo 13 ukikatwa kichwa huwa jiko la makaa au tanuru ndogo ya mhunzi, na kile kichwa kilichokatwa, kikitundikwa kwa mnyororo, hulia vizuri kama kengele. Basi fundi huchukua mashine yake ya kukatia, hugusa chuma, cheche huruka; na katika nchi nyingi wako mafundi ambao kazi yao ya mwisho duniani ilikuwa hiyo.

Gesi hukaaje katika mtungi uliokwisha?

Watu husema mtungi umekwisha wakati moto wa jiko unapozimika. Maana ya neno hilo ni kwamba gesi haina nguvu tena ya kutoka. Lakini gesi iliyobaki ndani haikwenda popote. Mtungi wa kilo 13 una nafasi ya lita zipatazo 31, na siku moto unapozimika nafasi hiyo yote bado imejaa mvuke wa gesi. Tena yamkini chini mna gesi ya maji iliyosalia. Mtungi unapotumiwa kwa nguvu hupoa wenyewe, hata pengine hutoka jasho kwa nje, na gesi iliyopoa haipandi vizuri. Mtungi ambao usiku ulionekana umekwisha huweza kutoa mluzi tena saa sita ya mchana, jua la Garissa likiisha kuupiga.

Jambo la pili lahitaji kufahamiwa vema, maana ndilo huwadanganya hata mafundi hodari. Gesi ya kupikia haiwaki peke yake; sharti ichanganyike na hewa. Ikiwa katika sehemu mia za mchanganyiko sehemu za gesi hazifiki mbili, mchanganyiko ni mwepesi mno, hauwaki. Zikizidi tisa au kumi ni mzito mno, nao hauwaki. Kati ya hapo cheche moja yatosha. Mtungi uliojaa gesi tupu bila hewa hauwezi kushika moto ndani yake, ingawa gesi inayotoka nje yaweza kuunguza mtaa mzima. Lakini mtungi ukikaa wazi, hewa huingia kidogo kidogo, na mchanganyiko hupita katika kile kiasi cha hatari. Kwa hiyo mtungi uliofunguliwa jana waweza kuwa wa kutisha zaidi leo kuliko jana, na hakuna alama yoyote ya nje inayoonyesha hivyo.

Tena kiasi kinachotakiwa ni kidogo kupita mawazo ya watu. Gesi ya maji ikigeuka mvuke hupanuka mara 250 au zaidi. Kwa hesabu hiyo, nusu ya kijiko cha chai cha gesi ya maji yatosha kuufikisha mtungi wa lita 31 kwenye kiasi cha kuwaka. Nusu ya kijiko hujificha kwa urahisi katika kutu ya kitakoni, au katika yale mafuta mazito ya rangi ya kahawia yanayobaki chini ya mtungi wa miaka mingi. Moto wa kuchomelea ukikipasha chuma, mafuta hayo huanza kutoa mvuke, hata kama mtungi ulikaa wazi mwezi mzima na fundi akaridhika kuwa umekauka.

Moto ukishika ndani, msukumo hupanda mara nane hivi kabla mtu hajapepesa jicho. Chuma hupasuka pale ambapo ni dhaifu, na pahali dhaifu ni pale penye mkato ulioanza, yaani mbele ya uso wa fundi aliyeinama. Kama mtungi una mdomo wazi, moto hutoka mdomoni kama mshale. Pipa la mafuta la lita 200, ambalo bamba lake ni jembamba, hurusha kifuniko chake chote juu. Yafaa kusema hapa kwamba kila neno lililoandikwa juu ya mtungi lahusu pia pipa la petroli, la dizeli au la rangi. Mapipa ni mengi zaidi kuliko mitungi, na watu huyaogopa kidogo.

Gesi iliyotoka nje ya mtungi nayo ina tabia yake. Ni nzito kuliko hewa, karibu mara moja na nusu hata mara mbili, kwa hiyo haipai juu kama moshi bali hutambaa chini, hufuata mteremko na kujikusanya mashimoni na mitaroni kama maji ya mvua. Moto wa mama anayepika chai hatua nyingi kutoka hapo waweza kuirudisha ikiwaka mpaka ilipotoka. Wakenya waliona nguvu ya gesi usiku wa tarehe 1 Februari 2024 huko Embakasi, Nairobi, wakati lori lililobeba gesi lilipolipuka katikati ya makazi ya watu. Watu walikufa, zaidi ya mia mbili walijeruhiwa, na nyumba na maghala yakateketea. Mtungi mmoja katika karakana si lori, lakini gesi ni ileile.

Hila ambazo hazifai

Wako mafundi wanaojua kwamba mtungi una hatari, nao wamejitungia hila zao. Mmoja hunusa mdomo wa mtungi, na asiposikia harufu huanza kukata. Pua si mizani ya kutegemewa. Gesi ya kupikia kwa asili haina harufu kali. Harufu ile hutiwa makusudi, na kutu ya ndani ya mtungi mkuukuu huweza kuinyonya ikapotea huku gesi ingalipo. Kadhalika pua iliyonusa gesi kwa dakika chache huizoea, isiisikie tena.

Mwingine hutupa kiberiti kinachowaka mdomoni ili gesi iliyobaki iungue iishe. Huyu hafanyi lolote ila kuuliza kwa moto swali ambalo jibu lake laweza kumtoa macho. Wa tatu huutia mtungi wote katika moto wa kuni, na mtungi ambao vali yake imefungwa ukipashwa namna hiyo hulipuka na kurusha vipande mbali sana. Wa nne huingiza moshi wa pikipiki ndani ya mtungi, akisema kwamba moshi utaisukuma gesi itoke. Injini yenyewe ina moto na cheche, wala hakuna awezaye kujua kama moshi ulifika kila pembe.

Pengine husikika pia shauri la kujaza mchanga, maana mchanga katika nchi hiyo haununuliwi. Lakini mchanga haujazi. Kati ya chembe na chembe mna nafasi ya hewa, na katika mtungi uliojaa mchanga hadi juu nafasi hizo zikijumlishwa huwa zaidi ya theluthi ya mtungi. Gesi hukaa humo kwa raha. Kitu ambacho hujaza kila pembe na kuifukuza gesi mbele yake ni maji, na maji ndiyo kitu ambacho watu wa Garissa huona uchungu kukimwaga. Hapo ndipo penye kiini cha shida yote. Fundi wa Kisumu aweza kujaza mtungi bila kufikiri. Fundi wa kijiji cha Wajir, ambaye maji yake yaliletwa na mkokoteni wa punda kutoka kisimani, hutazama jerikani zake, hutazama mtungi, na hushawishika kusema kwamba huu umekaa juani siku nyingi, hauna kitu.

Mitungi isiyokatwa kabisa

Kabla ya kuwaza habari za maji, sharti fundi ajue ni mtungi gani ulio mbele yake. Mtungi wa asetilini, ambao yeye mwenyewe hutumia kwa kuchomelea, usikatwe kamwe, hata ukiwa umekaa miaka kumi. Ndani yake umejazwa kitu kama jiwe lenye vitundu vingi, na vitundu hivyo vimelowa asetoni ambayo huishika gesi. Hakuna maji yatakayoiosha. Mtungi wa oksijeni ni mnene na mzito, nao hubeba msukumo mkubwa mno, kupita mara 100 ya ule wa hewa ya kawaida. Na oksijeni ikikutana na mafuta au grisi huweza kuiwasha bila kiberiti. Mtungi wa gesi ya friji, moto ukiipata gesi iliyobaki, huweza kutoa hewa ya sumu iliyotumiwa vitani katika Vita Kuu ya mwaka 1914 hadi 1918. Mtungi wa klorini, itumikayo kusafishia maji ya miji, huua kwa kupumua tu.

Mtungi usiojulikana ulikuwa na nini, ambao rangi yake imebambuka na maandishi yamefutika, uhesabiwe kuwa ni mmojawapo wa hiyo. Na chuma chochote chenye umbo la mtungi au la risasi kubwa kilichookotwa porini au kando ya barabara, kisiguswe wala kisibebwe sokoni. Kaskazini Mashariki imepita katika vita vya miaka ya 1963 hadi 1967, na tangu mwaka 2011 mabomu yametegwa mara nyingi katika barabara zake. Mchungaji aonaye chuma cha namna hiyo na aondoke kwa njia ile ile aliyokuja nayo, azuie watoto, awaarifu polisi au chifu.

Liko pia swali la mwenyewe. Mtungi wa gesi wenye alama ya kampuni hubaki chini ya dhamana ya kampuni hiyo, na Kanuni za Gesi ya Petroli za mwaka 2019 zinakataza mtu kujaza au kufanyia biashara mitungi yenye alama ya mwingine bila idhini yake ya maandishi. Kwa hiyo mtungi ulioharibika mahali pake hasa ni kwa wakala, ambaye ataurudisha kwa kampuni ili uondolewe kwa njia ya halali. Mara nyingi mwenye mtungi hupata faida zaidi akiurudisha na kupewa mwingine kuliko akiuuza kwa kilo kama chuma kikuukuu. Kuhusu biashara ya vyuma hivyo, Kenya ina sheria yake ya mwaka 2015, na mnunuzi sharti awe na leseni.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 nayo inasema kwamba tangi au chombo ambacho kilikuwa na kitu cha kuwaka au kulipuka kisichomelewe wala kukatwa kwa moto, mpaka zimechukuliwa hatua zote ziwezekanazo za kuondoa kitu hicho na mvuke wake, au kuufanya usiweze kulipuka. Neno la maana ni lile "mvuke wake." Sheria haikuridhika na kumwaga.

Kazi yenyewe

Ichukuliwe kwamba mzee mmoja mfugaji ana mtungi mkubwa wa kilo 50 wa gesi ya kupikia, ambao mwenyewe ameuachilia kwa maandishi kwa kuwa hautengenezeki, naye ataka mahori mawili ya mbuzi. Anakwenda kwa fundi aliyejifunza kazi, labda katika chuo kama North Eastern National Polytechnic kilichoko Garissa, au kwa miaka mingi chini ya fundi mkuu. Fundi hatazami kwanza misumeno yake. Hutazama shingo ya mtungi. Hapo umepigwa chapa uzito wa mtungi usio na gesi. Huuweka katika mizani. Ukizidi uzito ule ulioandikwa, mna gesi ya maji ndani, wala kazi haianzi.

Gesi hiyo humalizwa kwa kuiwasha katika jiko lake, mahali pa wazi, mpaka moto uzimike wenyewe, na siku ya pili jua likishika huwashwa tena kwa kujaribu. Kuimwaga hewani si vema, kwa sababu ya ile tabia yake ya kutambaa. Kama vali imekwama, haifunguki wala haifungi, kazi inakoma hapo na mtungi unarudishwa kwa wakala. Vali iliyokwama haipigwi nyundo, haitobolewi, haikatwi kwa msumeno. Kanuni hii huwaudhi watu kuliko nyingine zote, maana mitungi mingi hutupwa kwa sababu hiyo hiyo ya vali mbovu. Lakini mtungi ambao hauwezi kufunguliwa ni mtungi ambao hakuna ajuaye una nini.

Mizani ikisema sawa na moto ukikataa kuwaka, mtungi huchukuliwa uwanjani, mbali na meko, sigara, jenereta na mashine yoyote yenye cheche, na watoto wanaopenda kutazama hufukuzwa wote. Hufungwa imara usizunguke. Shingo hulowanishwa maji, na vali hufunguliwa kwa spana ndefu polepole. Fundi akisikia mluzi, huacha spana palepale na kusogea kando upande upepo utokako, mpaka mluzi uishe. Vali ikitoka, mtungi una mdomo, na tangu saa hiyo mdomo huo hauzibwi tena kwa kitu chochote mpaka kazi imalizike.

Ndipo maji. Mtungi wa kilo 13 huchukua jerikani moja na nusu za lita 20. Ule wa kilo 50 huchukua lita zipatazo 120, yaani jerikani sita. Mzee akiona punda wake wawili wanashushwa mzigo huuliza, naye ana haki ya kuuliza:

"Fundi, maji haya yote ni ya chuma hiki? Mbuzi wangu hawajanywa."

"Ndiyo, mzee. Gesi iliyomo humu haitoki kwa kuombwa. Hutoka ikinyimwa nafasi."

Mtungi husimamishwa wima, mdomo juu, ukajazwa mpaka maji yamwagike. Kila lita ya maji iingiayo hufukuza lita moja ya mvuke. Lakini mara moja haitoshi, kwa ajili ya yale mafuta na kutu. Mtungi humwagwa, hutiwa maji ya moto kiasi yenye sabuni ya unga, ambayo yamechemshwa mbali na hapo, hutikiswa na kuzungushwa, ukamwagwa tena. Maji ya kwanza yaweza kutunzwa katika pipa ili yatumike kwa mtungi mwingine. Yasinyweshwe mifugo, wala yasimwagwe karibu na kisima. Katika karakana yenye pipa la namna hiyo, gharama ya maji kwa kila mtungi hupungua sana, na lile shauri la kwamba Garissa hakuna maji ya kuchezea hukosa nguvu. Mafundi watatu au wanne wanaofanya kazi jirani waweza kulinunua pipa hilo kwa shirika.

Baada ya kuoshwa, mtungi hujazwa kwa mara ya mwisho, na kukatwa ukiwa na maji hayo. Mkato wa kwanza ni wa kuondoa kichwa, karibu na mabega ya mtungi, na maji huachwa yawe juu hadi pale unapopita mkato, ili ndani isibaki nafasi ya mvuke isipokuwa kidogo chini ya mdomo ulio wazi. Chombo cha kukatia ni msumeno wa chuma wa mkono. Kazi ni ndefu, mkono huchoka, na blade mbili au tatu huisha. Mashine ya umeme isitumike hapa, kwa sababu inarusha cheche juu ya mdomo, na kwa sababu umeme na maji vikikutana mkononi mwa mtu havimpi nafasi ya kujuta. Maji yakianza kutoka katika mkato, fundi huongeza mengine kwa kata kupitia mdomoni huku akiendelea.

Kichwa kikiisha kutoka, mtungi si mtungi tena bali ni ndoo kubwa. Jicho laona mpaka kitakoni. Maji humwagwa, na mafuta yaliyoshika ukutani husuguliwa kwa mchanga na sabuni mpaka kitambaa kikipita kitoke safi. Mchanga ambao haukufaa kwa kujaza wafaa sana kwa kusugua. Hapo tu, chombo kikiwa kikavu, wazi na safi, mashine ya kukatia na moto wa kuchomelea huruhusiwa kukipasua kwa urefu. Hata sasa rangi ya nje ikwanguliwe kwanza kando ya mstari wa mkato, maana moshi wa rangi iliyoungua ni mbaya kwa mapafu, na fundi avae miwani, glavu za ngozi na viatu vilivyofunika vidole. Kandambili katika karakana ni desturi ya nchi yenye joto, lakini ni desturi mbaya.

Hesabu ya kazi hii, tangu mizani hadi hori, ni siku mbili, na fundi aliyefanya kwa hila ya kiberiti angesema ni saa moja. Mteja akilalamika bei, aelezwe kwamba analipa siku mbili. Na fundi ambaye hana spana ya kufaa, hana mizani, au hakufundishwa kazi hii, ajira yake haipungui akisema "huu siukati." Ziko rimu, springi na mabomba ya maji ya kutosha katika soko la Garissa kwa kazi nyingine zote.

Mahori yakiisha kupasuliwa, kingo zake hupigwa tupa au kukunjwa ili zisikate midomo ya mbuzi, na miguu huchomelewa ili yasimame juu ya vumbi. Yaoshwe tena kwa sabuni na kusuuzwa mara mbili kabla ya mnyama yeyote kunywa. Kile kichwa cha mtungi chaweza kupelekwa shuleni kikawa kengele. Vali ni ya shaba, nayo huuzwa kwa uzito. Lakini kabla ya kuuzwa ikatwe vipande viwili, isije ikafungwa na mtu katika mtungi mwingine.